Ndoo ya Tatu

Jumatano ya tarehe tisa Machi, mwaka elfu mbili sitini na moja, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mlima wa Lihangweni ulikohoa mara moja, na mlango wa kibanda cha kisima namba saba ukajifunga huku Otmar Ndunguru akiwa ndani anasuza ndoo.

Hakushtuka sana mwanzoni. Mlima ule ulikuwa na kawaida ya kukohoa tangu walipoanza kuuchimba tumbo kutafuta makaa. Ila safari hii kikombe kiliruka mezani, bati la paa likalia kama limerushiwa mchanga, na kule bondeni king'ora cha mgodi kikaanza. Kikalia, kikalia, kisha kikakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Komeo la chuma likateremka lenyewe. Taa ndogo juu ya mlango, ambayo Otmar alidhani imekufa siku nyingi, ikawaka nyekundu.

"Mlinzi wa kisima namba saba," ikasema sauti ya ukutani. "Umefungiwa kwa usalama wa ushahidi. Tafadhali usiguse chombo chochote."

"Nimeshika ndoo," Otmar akasema. "Niitupe?"

"Ndoo si chombo cha kupimia."

"Haya, bwana mkubwa."

Sauti hiyo waliiita Mizani. Ndiyo iliyoendesha mgodi mzima: mashine za kuchimba, feni za hewa, na milango ya chuma ya kuzuia maji huko chini. Mchimbaji aliingia kwa ruhusa yake na kutoka kwa ruhusa yake. Ilikuwa na Kiswahili cha msoma taarifa, sauti ya mtu aliyeshiba, na Otmar hakuipenda. Lakini huyu Otmar, kwa miezi kumi na minne sasa, hakuwa amependa sauti yoyote iliyotoka upande wa mgodi.

Visima vilikuwa kumi na vinne, vimeuzunguka mlima. Hakuna aliyekunywa maji yake. Kila kimoja kilikuwa bomba la chuma lenye upana wa kiganja, limezamishwa mita tisini ardhini ili kuchungulia maji yaliyo ndani ya mwamba. Maji yakishuka kwenye bomba, ujue mwamba umepata ufa na yanavujia mgodini. Hapo Mizani inapunguza mwendo wa mashine, inaongeza nguzo, inafunga milango. Ndani ya bomba mlikuwa na kipimo kilichojisomea chenyewe kila siku saa tatu kamili. Na pembeni alikaa mlinzi, binadamu, wa kuthibitisha kwa kidole gumba.

Huyo binadamu alidaiwa na wanakijiji wenyewe. Miaka ya mwanzo wakubwa wa mgodi walikuwa wanazinyoosha namba ofisini kama mtu anavyopiga pasi shati. Kikaitishwa kikao. Kolumba, mke wa Otmar, alisimama na mtoto wa jirani mgongoni akasema, "Mashine haina mtu wa kumlilia. Tunataka kidole cha mtu. Na siku mashine ikipofuka, aulizwe huyo mtu." Wakacheka, wakaandika. Kisha wakubwa wakaanza kuwapelekea walinzi mbuzi na pombe, ikabidi iongezwe kanuni nyingine: king'ora kikilia, kibanda kinajifunga, mlinzi asifikiwe na mtu wala kitoweo mpaka amalize kusema.

Ndivyo Otmar alivyojikuta ndani ya chumba cha hatua nne kwa tano, na bomba, na kiti cha plastiki, na ndoo tatu.

*

Injinia Hyera alifika dirishani saa nne kasoro. Dirisha lilikuwa la wavu mgumu, kidole hakipiti. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini, jambo ambalo Otmar hakuwahi kuliona.

"Shikamoo, Mzee Otmar."

"Marahaba. Kumbe unajua kusalimia."

"Mzee, leo tusivutane. Paa la upande wa mashariki limeanguka. Maji yameingia. Watu arobaini wametoka, sita wamebaki kwenye chumba cha kujihifadhi."

"Akina nani?"

Injinia akataja. Jina la nne lilikuwa la Bosko Kapinga.

Otmar akakaa kwenye kiti. Bosko alikuwa mdogo wake Kolumba wa mwisho. Mama yao alipofariki, Kolumba ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha uji, akamfundisha hata kufunga kamba za viatu.

"Wana hewa ya muda gani?"

"Mitungi ilipaswa iwe ya siku mbili."

"Sikuuliza ilivyopaswa."

"Mpaka kama saa tatu usiku." Injinia aliangalia chini. "Ombi la kujaza mitungi lilikuwa ofisini. Linasubiri sahihi."

Otmar alicheka, na kicheko kile hakikuwa kizuri kukisikia. Sahihi. Januari ya mwaka jana tumbo lilimkamata Kolumba alfajiri. Kufika saa moja alikuwa anauma kanga. Gari la wagonjwa la mgodi lilikuwa getini, dereva ndani, mafuta tele. Lakini kumbeba mtu asiye mfanyakazi kulihitaji sahihi ya meneja, na meneja alikuwa kikaoni. Mlinzi wa kisima, wakamwambia, si mfanyakazi, ni mwakilishi wa jamii. Sahihi ilipatikana saa saba mchana. Utumbo ulikuwa umeshapasuka. Kolumba alikaa hospitali siku mbili, akaondoka.

"Endelea," akasema. "Nakusikia."

Injinia akaeleza. Mashariki hakupitiki, njia kuu imezibwa na kifusi. Imebaki ujia wa magharibi peke yake, nao uko nyuma ya mlango wa chuma ambao Mizani iliufunga. Wale sita wako hatua mia mbili tu kutoka kwenye mlango huo. Ukifunguliwa na ujia ukawa mkavu, wanatembea mpaka nje. Ukifunguliwa na nyuma yake kuna maji, hakuna atakayepata nafasi ya kugeuka.

"Mizani inataka visima vyote vikubali kwamba mwamba wa magharibi haujavuja. Kumi na vitatu vimethibitishwa. Bado chako, na chako ndicho kiko juu ya ujia wenyewe. Kipimo chako kimekufa kwa ule mtikisiko, kwa hiyo tunategemea namba ya saa tatu asubuhi. Iko pale kwenye kioo. Ni kidole tu, Mzee wangu."

Otmar akatazama kioo cha ukutani. Namba za miaka miwili zilikuwa zimechorwa mstari, nao ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Kisima chako ni bora kuliko vyote," Injinia akasema. "Hakijawahi kushuka hata sentimita kumi."

*

Sasa hapo ndipo penye kisa.

Kanuni ya kazi ilikuwa hivi: kila asubuhi, kabla ya saa tatu, mlinzi apampu maji yaliyolala bombani, ndoo tatu, akayamwage hatua thelathini mbali, ili kipimo kikutane na maji mapya ya mwamba. Kolumba alifundishwa siku mbili, akapewa fulana. Kupampu alipampu. Kumwaga kukamshinda. Nyumbani kwao alikozaliwa, maji uliyoyachota usiyanywe, unayarudisha ulikoyatoa na unaomba radhi kwa usumbufu. Ndoo tatu za maji meupe azimwage nyasini kama maji ya kuoshea miguu ya nguruwe? Akawa anazirudisha bombani, taratibu, kwa kikombe. Hakuna lililoharibika: kilichotoka kilirudi.

Mpaka Jumatatu ya Pasaka, miaka miwili iliyopita. Kolumba alirudi nyumbani anacheka, akakaa kizingitini akivua viatu. "Leo kisima changu kimenitoa macho. Kimenipa ndoo mbili, ya tatu kimeshindwa. Nikaona haya kwa niaba yake."

"Ukafanyaje?" Otmar aliuliza.

"Ungefanyaje wewe? Umekwenda kwa mtu, chungu chake hakijatosha. Utatoka nje utangaze? Nimekwenda chemchemini nikajaza ya tatu."

Otmar naye alicheka. Ni mke wake, alimjua. Alikuwa mtu wa kupeleka unga kwa jirani chini ya kanga ili jirani asijulikane kuwa amelala njaa.

Baada ya mavuno kisima kilitoa ndoo moja. Kolumba akabeba mbili kutoka chemchemini. Kule hospitali, siku ya pili, midomo imekauka, alimwambia mumewe mambo matatu: mbuzi mweusi auzwe, Bosko asiache shule ya ufundi, na kile kisima asikiaibishe.

Mwezi wa pili Otmar akasajiliwa mlinzi mahali pake. Tangu Agosti bomba lile halikutoa kitu. Pampu ilivuta tope na kukoroma. Otmar akabeba ndoo zote tatu kutoka chemchemini, kila siku, akazitia. Matundu ya chini yalikuwa yamezibwa nusu na udongo, maji yalichelewa kutoroka. Na katika bomba jembamba vile, ndoo moja inapandisha maji mita mbili na nusu. Ikifika saa tatu, kipimo kilikuta maji pale pale yalipokuwa jana. Kilisoma adabu ya Kolumba, Otmar akabonyeza kidole, Mizani ikashukuru.

Aliishia darasa la nne, lakini si mjinga. Mtu akimimina maji kwenye gunia, anajua kuna mahali yanakwenda. Alijua. Alijisemea, wakitaka kujua, waje wachote wenyewe, wana magari. Na jambo jingine hakujisemea hata yeye: kwamba njia ya kutoka chemchemini, na ndoo mabegani, ndiyo saa pekee aliyozungumza na mke wake.

*

"Shemeji."

Winfrida, mke wa Bosko, alikuwa amesimama nyuma ya Injinia. Alikuwa na sweta la mumewe mkononi, la kijivu.

"Umekuja na sweta la nini?" Otmar akauliza.

"Sijui. Nimejikuta nalo. Akitoka atakuwa amelowa." Akasogea wavuni. "Wanasema unangojewa wewe."

Kabla hajajibu, bomba likagonga. Mara moja, mbali sana, kama msumari ndani ya jiwe. Kila mtu Lihangweni alijua lugha ile, hata watoto waliichezea kwenye masufuria: wachimbaji wakigonga mwamba mara moja, tuko hai, mara mbili, maji yanapanda, mara tatu, tutoke?

"Mmoja," Winfrida akanong'ona. "Ni mmoja, eti?"

"Ni mmoja."

"Mlinzi," ikasema Mizani, "nasubiri uthibitisho wa namba ya saa tatu."

Otmar hakuitazama. Alimtazama Injinia. "Nikuulize kama mtu na mtu. Kama namba siyo ya kweli, inakuwaje?"

"Una maana gani?"

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

Injinia akageuka kutazama mlima. "Kisima kinafutwa. Na Mizani haifungui mlango wakati kisima kimoja hakipo. Tutachimba shimo jipya la kupimia."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Na hewa mpaka saa tatu usiku."

"Mzee Otmar." Injinia akasogeza uso mpaka pua ikagusa wavu, akashusha sauti. "Sijui una nini moyoni. Kama kipo, kibaki huko. Inasikia hii. Ujia ule unaweza kuwa mkavu kabisa. Nafasi nusu kwa nusu ni bora kuliko hakuna. Bonyeza."

"Nusu kwa nusu umeipimia wapi?"



Mambo yalikuwa hivyo. Akibonyeza, mlango utafunguka kwa nguvu ya uongo, na Mungu ndiye anayejua kilicho nyuma. Asipobonyeza, mlango hautafunguka kabisa, na kilicho nyuma hakitakuwa na maana. Na akisema, mgodi utapata ulichokuwa unakitafuta: mwanamke mmoja aliyekufa, wa kubebeshwa mlima mzima.

Otmar alikaa akitazama ile ndoo ya buluu ambayo Kolumba aliifunga mpini kwa mpira wa baiskeli. Aliitazama muda mrefu. Bomba likagonga tena. Mara mbili.

"Shemeji," Winfrida akasema.

"Mizani," Otmar akasema. "Sikiliza, ewe kitu. Namba ya saa tatu si ya mwamba. Ni ya ndoo zangu. Natia maji kila asubuhi."

Injinia akafumba macho.

"Nimepokea," ikasema sauti, vilevile, bila kukasirika. "Taja siku ulipoanza."

"Niliposajiliwa. Februari ya mwaka jana. Nilianza mimi."

"Nikifuta kuanzia Februari, nyuma yake mstari umenyooka vilevile. Nitaziamini namba za nyuma na kuzitumia kukadiria. Kwa kadirio hilo ujia ni mkavu na mlango unaweza kufunguliwa. Je, namba za kabla ya Februari ni za mwamba?"

Kitu kile hakikuwa kinamtega. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumtukana. Kilikuwa kinauliza tu, na njia rahisi ilikuwa imewekwa mbele yake imefagiliwa. Angesema ndiyo, jina la Kolumba lingelala safi kaburini, na mlango ungefunguka bila kidole chake.

Winfrida alikuwa ameegemeza viganja vyote viwili wavuni, sweta limebanwa katikati.

"Hapana," Otmar akasema. "Zifute tangu Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa hamsini na tisa. Siku hiyo ndiyo ndoo ya tatu ilikosekana."

"Mlinzi wakati huo alikuwa Kolumba Ndunguru."

"Ndiye."

"Je, ndiye aliyetia maji?"

"Ndiye. Andika basi. Na uandike kwamba alikuwa anayatia kwa heshima, kama una mahali pa kuandika hilo."

"Nimeandika."

Winfrida akasema polepole, kama anayejisemea, "Wifi. Yaani alikuwa anaona haya kwa ajili ya shimo." Na haikujulikana kama ni kilio au ni kicheko kilichomtoka.

Kwenye kioo mstari ulianza kufutika kutoka kulia kwenda kushoto, siku baada ya siku, mpaka ukafika Pasaka. Pale mwisho ulikuwa umeanza kuinama. Kidogo tu, lakini ulikuwa umeinama, kwa yeyote aliyekuwa na macho.

*

"Kisima namba saba hakina namba," Mizani ikasema. "Natumia Kanuni ya Kumi na Moja. Kisima kikikosa namba na uhai wa watu ukiwa hatarini, neno la mlinzi linasimama badala ya namba. Mlinzi ataulizwa mara moja."

Injinia akainua kichwa. "Hiyo haijawahi kutumika."

"Iliingizwa kwa ombi la kikao cha kijiji. Aliyependekeza ni Kolumba Ndunguru."

Otmar akainuka kitini. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amewalaani watu waliokaa na sahihi mkononi huku wengine wanangoja. Akakitazama kidole chake gumba, kimepasuka kwa baridi na kamba.

"Mlinzi, kwa unavyokijua kisima hiki: nyuma ya mlango wa magharibi kuna maji, au hakuna?"

"Ngoja," Otmar akasema. "Usinisukume."

Alichukua kamba ya kupimia, yenye jiwe nchani, akaiteremsha bombani. Miezi saba jiwe lile lilikuwa likifika mita ya tisini na kutua topeni, pwata. Alihesabu mafundo. Themanini. Tisini. Jiwe halikutua. Kamba ikaisha mkononi mwake, na jiwe bado linaning'inia, halijagusa tope wala maji.

"Chini kumetoboka," akasema.

"Tobo limeingia ujiani?" Injinia akauliza.

"Litaingia wapi tena?"

Akainamisha uso juu ya bomba, na hapo akakipata kitu ambacho hakikuwapo asubuhi. Upepo. Ulikuwa unapanda kutoka ardhini, wa vuguvugu, una harufu ya makaa na ya nguo mbichi, unampuliza kope. Alichukua unyasi sakafuni akauweka mdomoni mwa bomba. Unyasi ukainuka, ukatetemeka, ukakaa hewani.

"Injinia. Kuna hewa inatoka."

"Hewa? Basi ujia uko wazi. Ni mkavu, unapumua." Sauti ya Injinia ilipanda, kisha ikasita yenyewe. "Isipokuwa..."

"Isipokuwa nini? Malizia, wewe ndiye uliyesoma."

"Isipokuwa kama ni maji yanapanda, yanaisukuma."

"Na utajuaje hii ni ipi?"

Injinia alitazama bomba, akatazama mlima. Matope ya suruali yake yalikuwa yameanza kukauka na kudondoka vipande vipande.

Unyasi ulikuwa bado unatetemeka pale hewani. Otmar aliutazama, akajaribu kukumbuka kama dakika moja iliyopita ulikuwa chini zaidi, au juu zaidi, au hapo hapo.

Bomba likagonga. Mara moja. Mara mbili. Akahesabu. Mara tatu.

"Mlinzi," ikasema Mizani.

Winfrida alikuwa ameacha wavu. Sweta alilivaa mabegani mwake, mikono yake mirefu ya kijivu ikining'inia mbele, na alisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza kama chai imeiva:

"Shemeji, yapo au hayapo?"